Kugeuzana kwa Viumbe katika Ziwa Victoria: Sangara, Furu na Lugha ya Kueleza Mageuko kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna samaki wa Ziwa Victoria walivyogeuka, na wanavyoendelea kugeuka, kutokana na mahusiano yao ya kulana, kushindania chakula, kuchaguana na kuvuliwa. Mifano mikuu ni furu, sangara na dagaa. Sambamba na maelezo hayo, makala inachunguza viunzi vya sarufi ambavyo waandishi wa Kiswahili huvitumia kueleza mageuko, hususani kiunganishi "ili", kiambishi "-ji-" cha kujirejea na kauli ya kutendana. Inadaiwa kwamba uteuzi wa viunzi hivyo una athari katika namna kanuni za uvuvi zinavyofikiriwa na kuandikwa katika nchi tatu zinazoshiriki ziwa hilo.

Utangulizi

Ziwa Victoria, lenye eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, limegawanywa na mipaka ya Tanzania, Uganda na Kenya. Kijiolojia ni ziwa changa. Uchunguzi wa mashapo ya chini yake unaonyesha kuwa lilikauka, au lilikaribia kukauka kabisa, miaka ipatayo 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Hata hivyo, wanasayansi walipowaainisha kwa makini samaki wadogo wanaoitwa furu upande wa Mwanza, fulu kwa Wajaluo na nkejje nchini Uganda, walikuta spishi zinazokadiriwa kufikia 500, nyingi zikiwa hazipatikani mahali pengine popote duniani. Kwa mizani ya historia ya uhai, miaka 15,000 ni kufumba na kufumbua.

Kwa jicho la haraka furu hufanana, lakini namna zao za kujipatia riziki zinatofautiana mno. Wapo wanaokwangua mwani juu ya mawe, wanaovunja makombe ya konokono, wanaochuja vijidudu majini, wanaowinda samaki wenzao, na hata wanaoishi kwa kuwapora majike mayai na vifaranga wanaowahifadhi kinywani. Tofauti hizo haziwezi kuelezwa kwa kutaja joto la maji au aina ya tope pekee. Kwa kila furu, sehemu kubwa ya mazingira ni viumbe wengine: anayemla, anayeliwa naye, anayemnyang'anya chakula, na anayemkubali au kumkataa wakati wa kuzaliana.

Utaratibu unaoleta tofauti hizo una masharti matatu. Kwanza, watu wa kundi moja (yaani samaki mmojammoja) hawalingani: huyu ana taya pana kidogo, yule ana jicho kubwa kidogo. Pili, sehemu ya tofauti hizo hurithiwa. Tatu, tofauti hizo huathiri idadi ya watoto ambao kila mmoja huwaacha. Masharti hayo yakitimia, sura ya kundi hubadilika kizazi baada ya kizazi, hata kama hakuna samaki hata mmoja aliyebadilika katika uhai wake. Furu walianza na akiba kubwa ya tofauti. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa asili yao ni mchanganyiko wa koo mbili za kale, moja ikihusiana na samaki wa upande wa Kongo na nyingine na wa upande wa Nile. Mchanganyiko huo uliacha ndani ya kizazi kimoja tofauti ambazo vinginevyo zingehitaji muda mrefu sana kujitokeza.

Kusudi lililojificha ndani ya sarufi

Mtu anayeeleza jambo hili kwa Kiswahili hukutana mapema na kikwazo ambacho hakimo katika biolojia yenyewe. Chukua sentensi mbili za aina inayosikika mara kwa mara katika vipindi vya redio na katika mihadhara ya hadhara: "Mgunga uliota miiba ili ujikinge na twiga", na "Furu walijibadilisha ili waweze kuishi na sangara". Sentensi zote mbili ni sanifu na zinaeleweka. Zote mbili, zikichukuliwa kama maelezo ya kisayansi, ni potofu.

Upotofu wa kwanza umo katika "ili". Kiunganishi hiki hudai mtendaji mwenye lengo, na lengo hilo hutangulia tendo. Mgunga hauna lengo. Upotofu wa pili umo katika "-ji-", kiambishi kinachomfanya mtenda na mtendwa kuwa mmoja, kana kwamba furu alikaa akajichunguza na kujirekebisha. Kitenzi "kuzoea", ambacho nacho hupendwa, kina tatizo la aina nyingine: huzungumzia kiumbe mmoja katika uhai wake. Ndivyo ilivyo hata katika methali inayoshauri samaki akunjwe angali mbichi. Anayekunjwa ni samaki huyo mmoja, na mikunjo yake haimfikii mtoto wake.

Kiswahili hakikosi nyenzo ya kusema jambo hili sawasawa. Kinayo, tena ya kila siku: kiambishi "-ka-" cha masimulizi, ambacho hupanga matukio kwa mfuatano wa sababu na matokeo bila kudai nia. Migunga iliyokuwa na miiba mirefu ililiwa kidogo kuliko mingine, ikazaa mbegu nyingi zaidi, mbegu zikachipua, na miche ikarithi urefu wa miiba. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ile ya "ili", lakini urefu wake ndio maelezo yenyewe. Kila "-ka-" ni hatua inayoweza kupimwa na kukanushwa na mtafiti. "Ili" huziruka hatua zote.

Istilahi nazo zinastahili kuangaliwa upya. "Uteuzi asilia" na "uchaguzi asilia" zote hutumika, na zote humwachia msomaji swali la nani mteuzi. Katika matumizi ya kawaida uteuzi hufanywa na mwenye mamlaka, na mteuliwa hupewa barua. "Mchujo asilia" ingefaa zaidi. Chujio halina nia. Lina matundu tu, na kinachobaki juu yake hutegemea ukubwa wa matundu na umbo la kinachomiminwa. Katika makala hii istilahi hiyo ndiyo inayotumika.

Kwa dhana ya viumbe wawili au zaidi wanaochujana kwa zamu, Kiswahili kina kauli ya kutendana. "Kubadilishana" hakufai, kwa kuwa kumekwishachukuliwa na maana ya kupeana hiki kwa kile. "Kugeuzana" kunafaa: mwindaji humgeuza mwindwa kwa kuwaondoa walio wazito kukimbia, na mwindwa humgeuza mwindaji kwa kuwanyima chakula walio wazito kukimbiza. Uzuri wa "-an-" ni kwamba haimruhusu msemaji kumtaja mmoja na kumsahau mwenzake. Udhaifu wake ni kwamba huashiria usawa. Wanaopigana hupigana wote, lakini mmoja anaweza kuwa na rungu na mwingine mikono mitupu. Kisa cha sangara ni cha namna hiyo.

Sangara: pale kugeuzana kusipokuwa na usawa

Sangara, mbuta kwa Wajaluo na mputa nchini Uganda, ni samaki mmoja, Lates niloticus. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana, kwa matumaini ya kukuza uvuvi. Huweza kuzidi kilo 100. Kwa takribani miongo miwili idadi yake ilibaki ya kawaida. Katika miaka ya 1980 ikalipuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, wakishirikiana na wenzao wa Tanzania, walikuwa wamekwishaanza kuwahesabu furu wa Ghuba ya Mwanza mwishoni mwa miaka ya 1970, hivyo kuporomoka kwao kulishuhudiwa na kuandikwa karibu mwaka kwa mwaka. Inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilitoweka au zilipungua kiasi cha kutoonekana tena.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba sangara aliwala furu, basi. Ni kweli, lakini si yote. Furu wana taya la pili kooni, lililoungana kuwa kipande kimoja chenye nguvu. Taya hilo ndilo linalowawezesha wengine kusaga konokono na wengine kusaga mimea, na kwa miaka mingi limetajwa kama siri ya mafanikio yao. Lakini kiungo hichohicho hubana njia ya koo. Mwaka 2015 Matthew McGee na wenzake walionyesha kuwa furu mla samaki huchukua muda mrefu sana kummeza samaki ambaye sangara humbugia mara moja. Hivyo furu walao samaki hawakuangamia kwa kuliwa tu. Walishindwa pia mezani. Kiungo kilichowapa furu ziwa zima pale ambapo hapakuwa na mshindani wa namna hii, kikawa mzigo siku mshindani huyo alipoletwa kwa ndoo. Neno "maendeleo", ambalo baadhi ya waandishi hulitumia kama kisawe cha mageuko, haliwezi kabisa kubeba jambo kama hili.

Baada ya furu kuadimika, sangara alihamia kwa kiasi kikubwa kwenye uduvi wa ziwani, dagaa, na watoto wake mwenyewe. Kisha katika miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na uvuvi mkubwa, baadhi ya furu wakaonekana tena kwa wingi. Hawakuwa walewale. Frans Witte na wenzake walilinganisha samaki waliohifadhiwa kabla ya miaka ya 1980 na waliovuliwa baadaye, na katika spishi iitwayo Haplochromis pyrrhocephalus wakakuta matamvua makubwa zaidi, macho madogo zaidi, na uwiano tofauti kati ya kichwa na sehemu ya nyuma karibu na mkia. Mlo nao ulikuwa umehama, kutoka vijidudu vidogo kwenda mawindo makubwa zaidi kama uduvi. Mabadiliko haya yanaendana na maji yenye oksijeni kidogo na ukungu mwingi, na pia na haja ya kuchomoka kwa kasi mbele ya mwindaji. Yote yametokea ndani ya miongo isiyozidi mitatu.

Hapa ndipo uangalifu wa lugha unapolipa. Mwandishi akisema furu "walijibadilisha", amefunga mjadala ambao wanabiolojia bado wanao. Sehemu ya mabadiliko hayo inaweza kuwa ya mchujo: wenye matamvua madogo wakafa, wenye makubwa wakazaa. Sehemu nyingine inaweza kuwa unyumbufu wa ukuaji, yaani kifaranga yuleyule, akikulia kwenye maji yenye oksijeni kidogo, huota matamvua makubwa. Sehemu nyingine yaweza kuwa imetokana na spishi kuchanganyika. Njia hizi hazina matokeo sawa. Unyumbufu huweza kurudi nyuma katika kizazi kimoja maji yakisafishwa. Mchujo huacha alama katika urithi, na vilivyochujwa havirudi kwa amri.

Dagaa, omena wa Kenya na mukene wa Uganda, alipitia njia yake. Alikabiliwa na sangara chini na nyavu juu, na tangu sangara walipoenea dagaa wanaokomaa na kuzaa wakiwa wadogo zaidi wameongezeka. Jambo hilo halishangazi: pale ambapo uwezekano wa kuishi hadi mwakani ni mdogo, anayesubiri kuwa mkubwa ndipo azae huondoka bila mzao.

Mwanga, rangi na jina la Pundamilia

Si mahusiano yote ya viumbe ni ya meno. Kwenye visiwa vya mawe vya Mwanza wapo furu wawili ambao majina yao ya kisayansi yana hisa ya Kiswahili: Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Jenasi imepewa jina la mnyama mwenye milia, na spishi ya pili imepewa jina la Rais wa kwanza wa Tanzania. (Ni nadra kwa Kiswahili kuombwa istilahi na sayansi ya kimataifa, kwa kawaida mwombaji ni Kiswahili.) Dume wa spishi ya kwanza ni wa buluu na huishi karibu na uso wa maji. Dume wa pili ana wekundu na huishi chini kidogo.

Maji ya ziwa hunyonya mwanga wa buluu haraka, na kadiri mtu anavyoshuka ndivyo mwanga unaobaki unavyoelemea wekundu. Ole Seehausen na wenzake walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, kwamba furu wa chini wana aina ya protini ya jicho inayopokea wekundu vizuri zaidi, na kwamba majike wanaoona wekundu vizuri huwapendelea madume wekundu. Jicho lililochujwa na mwanga likageuka chujio la wachumba. Kutoka hapo kundi moja huweza kugawanyika kuwa mawili bila mlima wala mto kuwatenganisha.

Lakini utaratibu huo unahitaji maji yanayopitisha mwanga. Kisiwani Makobe, ambako maji ni maangavu, spishi mbili zimetengana wazi. Kisiwani Luanso, ndani kabisa ya Ghuba ya Mwanza ambako maji yana tope, hazipo spishi mbili. Lipo kundi moja lenye rangi za kati. Jaribio la maabara lilikwishaeleza sababu: chini ya mwanga mweupe majike huchagua madume wa spishi yao, na chini ya mwanga wa rangi ya machungwa, ambao hufuta tofauti ya rangi, upendeleo huo hupotea. Mseto unaozaliwa una uwezo wa kuzaa. Hakuna anayekufa, mpaka kati ya spishi ndio unaofutika.

Ukungu wa ziwa hutoka kwa sehemu kubwa nchi kavu: mbolea na udongo vinavyosombwa kutoka mashambani, misitu iliyofyekwa, majitaka ya miji, na mwani unaostawi kwa rutuba hiyo. Kwa hiyo uamuzi wa wizara ya kilimo kuhusu miteremko ya mto unaweza kuunganisha spishi mbili za samaki ambazo wizara hiyo haijawahi kuzitaja katika waraka wowote.

Wavu kama mwindaji

Mwindaji mwingine ziwani ni binadamu, na chujio lake hupimwa kwa inchi. Tofauti kati yake na sangara ni kwamba binadamu huandika masharti ya uwindaji wake. Kanuni ya ukubwa wa sangara iliyotungwa kikanda iliweka mipaka miwili, sentimita 50 na sentimita 85: aliye chini ya mpaka wa kwanza aachwe, na aliye juu ya mpaka wa pili naye aachwe. Mpaka wa chini hueleweka kwa urahisi kwa kila mvuvi: mtoto aachwe akue. Mpaka wa juu ndio uliozua manung'uniko, kwa sababu ulimtaka mtu arudishe majini samaki mwenye thamani kubwa kuliko wote waliomo mtumbwini.

Mantiki ya mpaka wa juu ni ya mageuko. Jike mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko jike mdogo. Aidha, mpaka wa chini ukiachwa peke yake, wavu huwachuja wanaochelewa kukomaa: anayezaa kabla ya kufika sentimita 50 ameacha wazao, anayesubiri hadi sentimita 80 huenda akavuliwa kabla ya kuzaa hata mara moja. Vizazi vikipita, kundi huelemea wanaokomaa wadogo. Hilo si la kubuni. Samaki wa baharini wa pwani ya Newfoundland na Labrador nchini Kanada, ambao uvuvi wake mkuu ulifungwa mwaka 1992, walikuwa wamekwishaonyesha dalili za kukomaa wakiwa wadogo zaidi miaka kadhaa kabla ya hifadhi yao kuporomoka. Kufungwa kwa uvuvi hakukuwarudisha haraka.

Mshauri wa sera anayeamini kwamba samaki "hujibadilisha ili kuendana na uvuvi" ana sababu ya kutulia: ziwa litajirekebisha. Anayesoma kwamba wavu unawachuja wanaochelewa kukomaa, na kwamba wanaobaki ni wadogo na huzaa wadogo, ana hesabu tofauti mbele yake. Tofauti kati ya maandishi hayo mawili si ya mtindo wala ya ufasaha. Moja linamtaja anayebadilisha, lingine linamficha ndani ya "-ji-".

Suala la majina nalo ni la kiutendaji. Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lililoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994 na lenye makao yake Jinja, hupokea takwimu kutoka nchi ambamo samaki mmoja ana majina matatu. Tatizo hilo ni dogo, kwa kuwa jedwali moja hulimaliza. Tatizo kubwa ni kinyume chake, yaani jina moja kubeba samaki wengi. "Dagaa" wa Mwanza ni wa jamii tofauti kabisa na "dagaa" wa Kigoma, ambao Burundi huitwa ndagala, na wote hao ni tofauti na dagaa wa baharini wa pwani. Wamepitia wawindaji tofauti na kina tofauti, na kanuni ya matundu ya wavu inayomfaa mmoja haina sababu ya kumfaa mwingine. Waraka wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaosema "dagaa" bila kutaja ziwa unatoa agizo moja kwa historia tatu.

"Furu" ni mfano mgumu zaidi. Katika fomu za mwaloni furu wote huingia mstari mmoja, kwa kilo. Spishi mbili zikiungana kuwa moja kwa sababu ya tope, uzito wa mstari huo hautapungua. Waweza hata kuongezeka. Safu mbili za ziada, moja ya kina ambacho samaki walivuliwa na nyingine ya rangi ya madume, zingetosha kuanza kuonyesha kinachotokea, na maneno ya kuzijaza, buluu, wekundu, juu, chini, kila karani wa mwaloni anayo.